Barafu Iliyoganda Ubavuni

9 Januari

Sisimizi wangu,

Mimi sijambo, natumai na wewe hujambo. Jana Muuguzi wa mlango wa pili aliniletea gazeti. Ukurasa wa tano wameandika kwamba maabara yenu imepata dawa ya kuzuia saratani. Nimehesabu makosa manne ya chapa, na picha ya Profesa wenu wameigeuza kulia kushoto, maana vifungo vya koti lake vimekaa upande wa kike. Miaka thelathini na miwili ya kusahihisha kurasa kwenye kiwanda cha uchapaji haikuondoka nilipostaafu. Kilichoondoka ni masikio.

Simu usinipigie. Nikiiweka sikioni ni kama nimeweka kiatu. Na ujumbe wa kwenye kioo siuwezi, herufi zake kama chawa. Niandikie.

Nakuuliza kwa niaba ya mtu. Kuna mwanamke ninayemfahamu, rika langu, ana uvimbe kwenye titi. Anajua nina mtoto maabara, basi hanipi nafasi ya kupumua. Anataka kujua hiyo dawa inafanya kazi gani hasa, na lini itatoka kwenye vichupa vyenu ije kwa watu. Mweleze kwa lugha ya watu, siyo ya gazeti. Yeye si mjinga, ni mwoga tu kidogo.

Kula vizuri. Ulipokuja mara ya mwisho mabega yako yalikuwa kama henga ya nguo.

Shangazi yako

—

20 Januari

Shangazi, shikamoo.

Nimecheka sana habari ya vifungo. Nimemwonyesha Profesa, naye akacheka, kisha akalikunja gazeti akalitia mfukoni.

Mwambie huyo mama hivi. Ndani ya miili yetu kuna protini fulani ambayo kazi yake ni kupeleka ujumbe. Inafika kwenye seli, inabisha hodi, inasema: kua, gawanyika. Mtu akijikata kidole, ndiyo hiyo inayoamsha ngozi ijizibe. Lakini seli za saratani zimeizoea vibaya. Hata wakati wa kunyamaza, zenyewe mlango wazi.

Ili tuichunguze tunahitaji protini hiyo nyingi na safi, na hatuwezi kuichota kwa watu. Kwa hiyo wataalamu wanachukua maelekezo yake kutoka kwenye jeni ya binadamu, wanayapandikiza ndani ya bakteria, na bakteria wanageuka kiwanda. Kinachotufikia ni unga mweupe chini ya kichupa, mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya umeupoteza. Mimi ndiye ninayeuyeyusha, kuugawa kwenye vichupa, kuugandisha na kuzilisha seli. Seli zikilishwa zinajaa kwenye sahani zetu ndogo za kukuzia kama utando wa maziwa.

Sasa dawa ya Profesa inaziba ule mlango. Mwezi wa kumi na moja tuliweka dawa, tukaweka protini, na seli hazikukua. Sahani ilibaki tupu kama kipara. Niliiona kwa macho yangu, Shangazi, na nilitoka nje nikalia.

Profesa anasema kabla ya mwaka huu kwisha tutaanza kuwapa wagonjwa wa kwanza. Mwambie huyo mama avute subira. Safari hii kuna kitu cha kusubiri.

Mwanao,
Sisimizi

—

2 Machi

Sisimizi,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Haina kosa hata moja, ila “kichupa” umekirudia mno.

Nilimfikishia yule mwanamke. Amefurahi. Daktari alikuwa amempangia kisu mwezi wa pili, naye amekataa. Amemwambia: “Mimi nina dawa yangu inakuja.” Daktari ni kijana, alikasirika mpaka akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Yule mwanamke akamsahihishia karatasi akamrudishia.

Mimi mzima. Nimepaka chumba rangi. Unasemaje huko? Umekaa kimya karibu wiki sita, na wewe si mtu wa kukaa kimya.

Shangazi yako

—

15 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kimya. Kazi ni nyingi tu.

Nina swali moja, wala si kubwa. Katika miaka yako yote ya kusahihisha, ulishawahi kuweka sahihi kwenye ukurasa wenye kosa? Yaani kosa likakupita wewe, na kazi ikachapwa? Ulifanyaje?

Nauliza tu.

Sisimizi

—

24 Machi

Sisimizi,

Mtu anayeandika “nauliza tu” hajauliza tu. Lakini nitakujibu, mengine utasema ukiwa tayari.

Ndiyo. Mwaka wangu wa kumi na tisa kazini. Ilikuwa karatasi ya maelezo ya dawa ya kikohozi ya watoto. Ilitakiwa isomeke “nusu kijiko”. Neno “nusu” lilidondoka, nami nikatia sahihi. Niliiona mchana ninakula, kwa sababu chakula changu nilikuwa nimekifunga kwenye karatasi hiyo hiyo iliyoharibika mashineni. Nilipokimbia chini, maboksi yalikuwa yamekwisha kupakiwa, lori limewashwa.

Nikamwambia msimamizi. Akasema mama yeyote anajua kipimo cha mwanawe. Akaniuliza kama nataka kujifukuzisha kazi kwa mdomo wangu, maana sahihi ni yangu, si yake. Nilipanda lori nikakaa juu ya maboksi. Wakaniita, wakanibembeleza, wakatuma mtu wa kunishusha, nami nikamwambia anishike anapotaka lakini atanishusha pamoja na boksi. Saa nne nilikaa. Mwisho yakashushwa.

Waliniadhibu. Waliniondoa kwenye meza ya prufu, ya kusahihishia, wakanipeleka chini kwenye mashine, miezi minane. Huko ndiko masikio yangu yalikoanza kuondoka. Watu huniuliza kama najuta. Najutia masikio. Sijutii maboksi.

Umefanya nini, mwanangu?

Shangazi yako

—

4 Aprili

Kwako Sisimizi,

Hunijui vizuri, ila mimi nakujua kwa barua zako, kwa kuwa ndimi ninayezitoa posta. Mimi ni muuguzi wa mlango wa pili. Nimeapa kwa shangazi yako kwamba sitasema, na sasa nakivunja kiapo. Akininunia, atanuna akiwa hai.

Yule mwanamke mwenye uvimbe ni yeye mwenyewe. Hakuna mwingine.

Mwezi wa kwanza uvimbe ulikuwa kama gololi. Juzi nimeupapasa, umekuwa kama limau dogo. Daktari amempangia upasuaji mara mbili, na mara mbili amegoma. Kila nikimsemesha anatoa barua yako ya tarehe 20 Januari. Pale ulipoandika “avute subira” amepigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Kama hiyo dawa ipo, ilete. Kama haipo, mwambie wewe, kwa maana mimi hanisikii, na siyo kwa sababu ya masikio.

Muuguzi wa mlango wa pili

—

7 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nenda hospitali. Weka barua hii chini, nenda, kisha urudi uisome.

Dawa haipo. Haikuwahi kuwepo. Muuguzi ameniambia yote, usimlaumu.

Wikiendi moja ya mwezi wa kumi mwaka jana nilikuwa zamu ya jokofu kubwa. Zamu ni kwenda asubuhi na jioni, kusoma joto mlangoni na kuliandika kwenye daftari. Jumapili sikwenda. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na msiba. Nilikuwa nimechoka, nikalala kutwa. Jumatatu nilikuta namba iko sawa, hasi themanini, nikaijaza na kwenye nafasi za Jumapili. Nikatia sahihi.

Mwanzoni mwa Machi nilikuwa napanga upya vichupa vya protini. Mimi huvigandisha vikiwa vimesimama, kwa hiyo barafu hukaa chini. Boksi moja lilikuwa limeangushwa, vichupa vimelala, na barafu ndani yake ilikuwa imeganda ubavuni. Nililitazama mpaka vidole vikafa ganzi. Barafu haihami, Shangazi. Ili ikae ubavuni ni lazima iwe maji kwanza. Nikaenda kwa fundi umeme wa jengo, akafungua daftari lake: Jumapili ile umeme wa ghorofa yetu ulikatika tangu alfajiri hadi jioni.

Protini ikipata joto kutwa inakufa. Inabaki humo kichupani, inaonekana vilevile, lakini haibishi hodi tena. Zile sahani zilizonitoa machozi tulikuwa tumezilisha protini iliyokufa. Seli hazikukua kwa sababu hakuna aliyeziambia zikue. Na sahani za kulinganishia, zile zisizo na dawa, tulikuwa tumezifanya nyuma, mwezi wa tisa, kwa protini nzima. Hakuna aliyetazama namba za maboksi, hata mimi. Nikaagiza protini mpya nikarudia yote kwa siku moja. Zenye dawa na zisizo na dawa zilijaa sawasawa.

Nilimwambia Profesa tarehe 10 Machi. Alisema narudia vibaya kwa sababu nimechoka, akaniambia nisiandike kwenye daftari kuu mpaka nirudie tena. Nikarudia mara nne. Akasema tutalizungumza. Nami nikanyamaza, Shangazi. Nikakuandikia “nauliza tu”. Nilijiambia kwamba wagonjwa wa kwanza bado wako mbali, hawana sura, kuna muda. Kumbe mgonjwa wa kwanza alikuwa ananiandikia barua.

Leo asubuhi nimepeleka maelezo yote kwa Kamati ya Maadili, na nakala za daftari, na jina langu kwenye ile Jumapili.

Nimekuua mimi. Kwa namba mbili za uongo na kwa neno “subira”, nimekuua.

Sisimizi

—

11 Aprili

Kwa Mtaalamu wa Seli,

Nimepata nakala ya barua yako kwa Kamati. Nakuandikia kwa mkono ili jambo hili libaki baina yetu.

Nina watu tisa waliotoa miaka kumi na moja kwenye kazi hii. Baadhi yao walikulea ulipoingia hapa hujui kushika pipeti. Matokeo yakitiliwa shaka hadharani, maabara inafungwa, na hata kazi nyingine zisizo na kosa zitazikwa pamoja nayo. Sikatai kwamba pana la kuchunguza. Nasema tulichunguze ndani, taratibu.

Fikiri pia juu yako mwenyewe. Sahihi iliyo kwenye daftari la jokofu si yangu. Mwenye kughushi namba katika shauri hili ni mmoja tu. Ukiiondoa barua yako kabla ya Ijumaa, daftari hilo halitakuwa na haja ya kufunguliwa na mtu.

Profesa

—

12 Aprili

Profesa, shikamoo.

Barua yangu siiondoi.

Daftari nimekwisha lifungua mimi mwenyewe, kwa hiyo hilo lisikusumbue. Nimeandika kwamba mimi ndiye niliyejaza Jumapili bila kwenda. Nimeandika vilevile kwamba tarehe 10 Machi nilikuletea sahani nne, na wewe ukazitazama.

Mlinilea, sikatai. Mlinifundisha kwamba sahani isiyo na mwenzake wa kulinganisha naye haisemi kitu. Nimeshika hilo.

Nitaendelea kuja kazini kila siku mpaka niambiwe nisije.

Mtaalamu wa Seli

—

15 Aprili

Sisimizi,

Marahaba. Sikuiweka barua yako chini. Niliisoma hadi mwisho kama ninavyosoma kila kitu, nikarudia ile sehemu ya barafu, kisha nikavaa nikaenda hospitali. Muuguzi alitaka kunisindikiza. Nilimnunia hadi kituoni, halafu nikaona ni ujinga, nikamshika mkono.

Nakatwa tarehe 23. Yule daktari kijana alinitazama kama mwalimu aliyeletewa mtoro, lakini hakusema neno, na kwa hilo nimempenda.

Sasa tusahihishane. Umeandika “nimekuua” mara mbili. Futa zote mbili. Kwanza, sijafa. Pili, mwenye titi ni mimi. Daktari aliniambia mwezi wa kwanza, kwa maandishi, kwamba nikatwe. Nilijua kusoma. Niliogopa kisu, Sisimizi. Mimi niliyekaa juu ya maboksi saa nne nilikiogopa kisu mpaka nikawa sili. Nikatafuta mahali pa kuuficha woga wangu nikapata kwenye barua yako. Kama usingeniandikia wewe ningeokota kwingine. Nilikudanganya kwamba ni mwanamke mwingine kwa sababu nilijua ungeniambia niende.

Kwa hiyo kosa lako lichukue, ni lako: hukwenda kazini ukaandika kwamba ulikwenda, kisha ukakaa kimya mwezi mzima. Hilo ni zito na ulibebe kikamilifu. Langu niachie. Sitaki mtu aje kunibebea langu kwa machozi na kunifanya mtoto.

Na jambo moja la mwisho. Wakikutisha, na watakutisha, watakwambia fikiria familia. Ukiiondoa barua ile kwa ajili yangu, usije kunitazama. Nitamwambia Muuguzi akufungie mlango.

Shangazi yako

—

28 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nilipokuja ile Jumamosi baada ya upasuaji ulikuwa na homa, ukanishika kidole tu, hatukuandikiana chochote. Sasa Muuguzi anasema umeanza kugombana na wapishi wa wodi, nami nikajua unaweza kupokea habari.

Unakumbuka Kamati iliniita tarehe 23 hiyo hiyo, nikaomba waahirishe, ukaniletea ujumbe kwamba niende kwao kwa sababu wewe utakuwa umelala usingizi wa dawa na hakuna cha kutazama. Nilikwenda. Waliniuliza kwa saa tatu. Mmoja aliuliza kama nina kinyongo na Profesa. Nikamjibu kwamba nina barafu. Nilikuwa nimewaletea lile boksi ndani ya ndoo ya barafu kavu, nikawapa glavu, wakapitisha vichupa mkono kwa mkono. Hapo hawakuniuliza tena habari ya kinyongo.

Wameleta watu wa nje wakarudia majaribio. Dawa haizibi chochote. Mpango wa kuwapa wagonjwa umesimamishwa, na makala ya Profesa kuhusu dawa hiyo imeondolewa kwenye jarida la kisayansi. Maabara haikufungwa. Profesa bado ana ofisi yake, kwa sababu hakuna aliyeweza kuthibitisha alichokiona tarehe 10 Machi. Ni neno langu kwa neno lake, na neno langu lina Jumapili ndani yake.

Mimi nimepewa onyo la maandishi, na miezi sita nje ya chumba cha seli. Niko stoo. Wenzangu watatu hawanisalimii. Wa nne ananisalimia tukiwa wawili tu.

Juzi Profesa alikuja mwenyewe kuchukua protini. Alinyoosha mkono juu ya meza bila kunitazama. Nilikishika kichupa nikamwomba asome namba ya boksi kwa sauti, kisha aitie kwenye daftari. Alisema ana haraka. Nikamwambia, “Nitasubiri, Profesa.” Tulisimama hivyo muda mrefu, watu wakipita nyuma yake. Mwishowe akaisoma. Tarakimu kumi na moja, moja moja.

Sikufurahi kama nilivyodhani nitafurahi. Lakini kesho akija nitamsomesha tena.

Mwanao,
Sisimizi

—

6 Juni

Sisimizi,

Marahaba, mwanangu. Niko nyumbani. Mkono wa kushoto haupandi, kwa hiyo usishangae mwandiko. Karatasi nimeikandamiza kwa kiwiko.

Titi wamelitoa lote. Chini ya kwapa walikuta mbegu za saratani zimekwisha pita, sehemu tatu. Nakwambia kama ilivyo. Nilimuuliza daktari kama zilipita katika ile miezi mitatu ya ukaidi wangu au zilikuwepo tangu zamani. Akaandika: “Hatujui.” Nikamwambia nashukuru. Wengine wangeandika shairi.

Kabla sijatoka wodini walikuja wawili na fomu, kuomba kipande cha uvimbe wangu kwa ajili ya utafiti. Muuguzi alinikonyeza nikatae, anasema maabara zimenitenda vya kutosha. Nikasoma fomu yote, kurasa sita, nao wamesimama. Ina makosa matano, na sentensi moja inayosema kinyume cha iliyo juu yake. Nikawaambia sitii sahihi kwenye kitu cha namna hii, wakaichape upya. Wakaondoka wamenuna. Kesho yake wakarudi nayo imesahihishwa, nikatia sahihi. Kipande ni chao. Wakipe ujumbe wanaoutaka, waone kama kitawajibu.

Stoo kaa, wala usijifanye unaumwa. Wale watatu wasiokusalimia, wewe wasalimie kila asubuhi kwa sauti, mpaka iwe tabu kwao kuliko kwako.

Jumatatu naanza dawa ya mshipani, hii ambayo watu wameitumia na kutapika na kuishi. Wameniambia nywele zitadondoka wiki ya tatu. Leo nimekwenda kwa kinyozi wa kona, yule wa wanaume. Aliniandikia kwenye kiganja akiuliza kama nina hakika. Nikafungua kilemba, nikakaa kwenye kiti, nikamwelekeza kwa kidole: yote. Sitaki kuokota nywele zangu kwenye mto moja moja kama mtu aliyeibiwa. Zikiondoka, ziondoke kwa amri yangu.

Kichwa changu kina umbo zuri. Miaka sitini na tatu nilikuwa sijui.

Shangazi yako